Mke Mwenza wa Bibi

Nina mashine kumi na moja za gemu katika nyumba ya vyumba viwili hapa Butimba, Mwanza, na zinazowaka ni sita. Hizo nyingine zipo tu, zimefunikwa vitambaa ambavyo mama alivifuma kwa ajili ya makochi. Mgeni akiingia sebuleni huuliza kama mimi ni fundi. Nikisema siyo, huuliza kama nina watoto. Nikisema sina, anaomba maji ya kunywa na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Wala sina ubingwa wowote. Watu wakisikia nimecheza gemu zaidi ya miaka thelathini wanadhani hakuna wa kunifunga. Vijana wa mtaani huja, hunipiga mabao saba, wakaaga kwa adabu zaidi kuliko walivyoingia. Mimi nacheza nikitoka kazini, nikishanawa miguu, nusu saa au saa moja, basi. Kinachonipendeza zaidi ni kuwa navyo vitu vyenyewe. Nikutane na kaseti ya zamani, niifute vumbi, niipulize kwenye meno yake, niichomeke, kisha niione rangi ya kwanza inatokea kwenye kioo. Hapo huwa nimesharidhika, kucheza ni nyongeza.

Ilianza na gemu la matofali, kile kidude cha mkononi chenye kioo cha kijivu ambacho mjomba aliniletea kutoka safari. Matofali yanashuka, wewe unayapanga. Kilikula betri mbili kwa wiki, na betri zilikuwa za redio ya baba. Alikosa taarifa ya habari mara nyingi kwa sababu yangu, nami nilikuwa nazianika betri zake juu ya bati zipate nguvu kidogo kabla hajarudi. Baadaye zikaja kaseti za njano zilizoandikwa kwamba zina gemu mia tisa tisini na tisa. Ndani zilikuwa saba, zinajirudia. Kisha likaja banda la gemu la Mirongo, ambako mashine ililazwa kichwa chini ili isome CD, na gemu la mpira lote lilikuwa kwa Kijapani. Tulikariri tu: cha tatu kutoka juu, bonyeza duara, shuka mara mbili, mechi inaanza. Mpaka leo ukiniweka mbele ya menyu ile sipotei, ingawa sijui hata herufi moja.

Nilipopata kazi ya ukarani wa stoo katika kiwanda cha samaki, ndipo nilipoanza kununua. Igoma kuna fundi mmoja, mtu wa makamo, anayenunua mali za kontena zilizotumika huko Japani: feni, pasi, redio, na mara moja moja, katikati ya nyaya, gemu. Fundi huyu ana sheria yake. Hamwekei mtu akiba. Atakupigia simu kukwambia kontena linafunguliwa lini, kwa sababu wewe ni mteja wake, lakini ukichelewa ukakuta mwingine ameshika, usimlaumu. Kazini kwetu tulikuwa tunapumzika Jumamosi moja, inayofuata tunaingia. Kwa hiyo kontena likifunguliwa Jumamosi yangu ya mapumziko, niliona ni Mungu mwenyewe amepanga. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, na siyo kwamba naona fahari kuandika hivyo.

Bibi alikuja kuishi nasi mwaka ambao moyo wake ulianza kushindwa kazi. Ni mama yake mama, mtu wa Ukerewe, na mpaka uzee ule alikuwa hajawahi kulala Mwanza zaidi ya siku tatu. Miguu ilikuwa inajaa maji. Daktari alitaka awe karibu ili aonekane kila wiki mbili, basi mama akampa nusu ya kitanda chake, nami nikasogeza maboksi yangu ili apate njia ya kupita na fimbo.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na kwa bibi na mjukuu wa kiume utani wenyewe ni ndoa. Mimi ni mume wake tangu nilipozaliwa. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba mume wangu, umeniachia nini mezani?" Nami nitamjibu kwamba mwanamke asiyepika haulizi ya mezani. Mama hucheka, jirani hucheka, hakuna anayekasirika. Ukikasirika umeshindwa. Tena jibu la utani ni utani: mwenzako akikurushia, unarudisha, huwezi kusema ghafla, "Tuache hayo." Sheria hii hakuna aliyetufundisha, lakini hata mtoto mdogo wa kwetu anaijua.

Wiki ya kwanza tu bibi alimpata mke mwenza. Alikaa kwenye kochi akaniangalia ninavyoifuta mashine kwa mswaki, kona kwa kona, naipuliza, naifunika. Akamwita mama kutoka jikoni. "Njoo uone," akasema. "Mimi nimeolewa na huyu bwana miaka yote hii, hajawahi hata kunipaka mafuta mgongoni. Huyu mwenzangu anaogeshwa."

Tangu siku ile mashine zangu zote zikawa mwanamke mmoja. Nikitoka kazini anauliza, "Leo unaanzia kwangu au kwa mwenzangu?" Umeme ukikatika anasema mwenzake kazimia, nikampepee. Niliponunua pedi mpya, ile ya kushika mkononi ukicheza, akasema afadhali, mwenzake alikuwa anatembea na viatu vilivyochanika. Nilikuwa nacheka mpaka natokwa machozi, na bado nikiyakumbuka nacheka.

Nilimfundisha kucheza pia, nisijinyime hilo. Nilimpa pedi ile ambayo kitufe kimoja kimelegea, na nakiri nilimpa hiyo kwa sababu zile nzuri sikutaka zishikwe ovyo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, akibonyeza kimoja anabonyeza vitatu. Mchezaji wake alikimbia na mpira moja kwa moja hadi golini kwake akafunga. Bibi akapiga vigelegele. Nilipomweleza kwamba amejifunga, akasema mpira ni mpira, umeingia wavuni, na hao wengine nao ni watoto wa watu, waache wafurahi. Kitu kilichomsumbua ni kwamba wachezaji hawapumziki. Aliniuliza kwa dhati, "Hawa wanakula saa ngapi?"

Karibu na mwezi wa tatu wa kukaa kwake, alianza kuzungumzia kwao. Kule Ukerewe alikuwa amemwacha mdogo wake, mwanamke aliyekuwa haoni tena na hawezi safari. Katika watoto wote wa mama yao walikuwa wamebaki hao wawili. Bibi alitaka kwenda kulala naye siku mbili tu, wamalize maneno yao, arudi aendelee na dawa. Daktari hakukataa. Ila hawezi kupanda meli peke yake, ngazi zinahitaji mtu wa kumshika kiuno na kumbeba panapobidi. Mama alikuwa mpishi kwenye mabweni ya wanafunzi, na wikiendi ndiyo kazi zaidi. Mtu huyo wa kumbeba alikuwa mimi, na siku ilikuwa Jumamosi ya mapumziko.

Mwanzoni alilileta kwa utani. "Mume wangu, mwanamke akiolewa hapelekwi kwao hata kusalimia?" Nikajibu kwamba kwao walikula mahari yote, watamficha asirudi. Akacheka. Baada ya siku chache analirudia, kwa namna nyingine: eti mwenzake ana bahati, hana kwao, ndiyo maana anapendwa. Nikamwambia Jumamosi ijayo. Jumamosi ikifika nina mafua, au mvua, au nimechoka na wiki. Nilimpiga kalenda, kwa kweli, na kila kalenda niliifunga kwa kichekesho ili ipite vizuri.

Kisha ikaja Jumatano moja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nyuma ya televisheni, natafuta waya uliolegea. Mama alikuwa hajarudi. Bibi alikuja taratibu na fimbo yake, akakaa, akasubiri mpaka nikageuka. "Mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Mume wangu, bwana mkubwa, mzee wa mahari, yote hayo ndiyo, lakini mwanangu hapana. Akasema, "Mwanangu, nipeleke kwa mdogo wangu. Mwili huu naujua mwenyewe."

Niliweka waya chini. Nilimwambia, "Jumamosi hii, bibi. Nakuapia." Hata mimi sikumwita mke wangu. Akanishika kichwa, mkono wake ulikuwa wa baridi, akainuka akaenda kulala kidogo.

Ijumaa nilipotoka kazini fundi wa Igoma alinipigia simu. Kontena linafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na katika orodha ameona mashine ile niliyokuwa nikimsumbua nayo miaka minne. Ilikuwa ileile ya banda la Mirongo, aina ya kwanza, safari hii ndani ya boksi lake, na karatasi zake, na pedi mbili ambazo hazijashikwa. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, nayo huondoka asubuhi. Nilipiga hesabu zote barabarani. Kama kontena lingefunguliwa alfajiri. Kama meli ingechelewa. Kama mama angebadilishana zamu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamua, na hesabu zilikuwa za kujiosha tu.

Bibi alikuwa sebuleni. Aliponiona akaanza kunyanyuka, akasema, "Mwanangu, meli ni saa ngapi?"

Na mimi nikatabasamu. Nikasema kwa sauti ile yetu ya kila siku, ile ya kufurahisha majirani, "Mke wangu, ukienda kwenu mimi nitapikiwa na nani? Vumilia Jumamosi moja, nimeitwa na mwenzako."

Niliona uso wake. Alibaki amenyanyuka nusu, mkono kwenye fimbo. Angeweza kusema, nimekuomba kwa dhati. Lakini nilikuwa nimemrushia utani, na mtu wa umri wake hawezi kuvunja utani wa mjukuu, ni aibu, ni kama kumlaani. Akakaa. Akasema, "Haya mume wangu. Nenda kwa mwenzangu, yeye ana hamu." Mama alikuwa amesharudi, yuko jikoni, na aliposikia alicheka.

Jumamosi saa mbili kasoro nilikuwa Igoma. Nilikuwa wa kwanza. Mashine ilikuwa nzima, boksi lina mkunjo mdogo tu kwenye kona, na pedi zilikuwa bado ndani ya nailoni. Nililipa bila kuomba apunguze. Mchana niliiwasha sebuleni, bibi akiwa amekaa palepale, na nilipoona ile rangi ya kwanza niliruka kwa furaha. Nikamwambia, "Bibi, hii ndiyo niliyochezea utotoni!" Akaangalia kwa muda. Akasema ni nzuri. Halikuja neno jingine la mke mwenza, siku ile wala siku zilizofuata.

Jumamosi yangu nyingine ilikuwa baada ya wiki mbili. Alhamisi ya kabla yake bibi alishindwa kupumua, tukampeleka hospitali, na Ijumaa asubuhi akafariki. Jumamosi nikampeleka kwao. Jeneza liliwekwa sehemu ya chini ya meli, kati ya magodoro na kreti za soda, nami nilikaa juu ya kreti kwa saa zile zote nimeshika ukingo wa ubao lisiteleze. Ngazi zile zilizokuwa zinahitaji mtu wa kumbeba, tulimbeba watu sita.

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, amefungwa kanga kichwani. Waliponileta mbele yake alinipapasa uso, paji, pua, kidevu. Akauliza kwa sauti kubwa, wote wasikie, "Ndiye huyu mume wa dada yangu?" Wakasema ndiye. "Shemeji," akasema, "ulimpenda sana mkeo. Ulikataa kabisa nimwone."

Watu wakacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, watani huchangamsha msiba. Nilipaswa kurudisha. Nilipaswa kusema lolote, kwamba wanawake wa Ukerewe ni watamu, kwamba nimekuja kumchukua na yeye. Nikalia. Na katika kulia nikasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka sasa. Nilisema, "Aliniambia nimlete, lakini nilidhani ananitania."

Msiba mzima ulinihurumia. Wazee walitikisa vichwa, wakasema kweli, utani una ubaya wake, mtu anaomba jambo la maana wewe unaona mchezo. Mzee mmoja akanituliza kwamba siyo kosa langu, mtu yeyote angekosea hapo. Mama alinishika bega. Nilipoona jinsi uongo ule ulivyopokelewa vizuri, nikafa nao na tai shingoni. Niliurudia kwa shangazi zangu, nikaurudia kanisani, nikaurudia kazini. Baada ya miaka michache nilikuwa nautoa na vituo vyake, najua wapi mtu ataguna na wapi atasema pole. Kuna methali isemayo majuto ni mjukuu. Mtu akinitolea hiyo huwa nabadilisha mazungumzo.

Ningependa kuandika kwamba niliacha gemu. Sikuacha. Mashine ile ya Igoma nimeicheza mamia ya mara, na ni kweli kwamba nikiiwasha nafurahi, furaha ileile, haijapungua. Hilo nalo linaniudhi. Nilidhani kitu nilichokinunua kwa bei ile kingeoza mikononi mwangu, kumbe kinafanya kazi vizuri tu. Aliyeharibika ni mimi. Siku hizi mtu akinitania nachelewa kujibu, kwanza namwangalia usoni. Watoto wa dada yangu wananiona mjomba asiye na raha.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilimwambia mama ukweli. Alikuwa amekaa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Amestaafu sasa, na macho yake si yale, kwa hiyo anachagua taratibu na punje nyingine zisizo na kosa anazitupa. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima. Nikamwambia kwamba pale msibani nilidanganya. Kwamba bibi aliniita mwanangu, mara mbili, Jumatano na Ijumaa, na kwamba nilijua kabisa hatanii. Kwamba utani niliuleta mimi, makusudi, ili asiweze kuniuliza tena.

Mama hakuinua kichwa. Alichagua, akapepeta, akachagua. Nilisubiri anitukane au alie. Mimi ningependelea anitukane.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Alikuwa ameshafunga mzigo tangu Alhamisi. Ulipomaliza kuongea naye Ijumaa ile, mimi nilicheka, si unakumbuka nilicheka? Halafu akaniita chumbani nimsaidie kuufungua. Alikuwa ameufunga kwa kanga, mafundo mawili, na vidole vile havikuweza kuyafungua. Akaniambia nisikwambie."

Nikauliza mle ndani kulikuwa na nini.

"Gauni lake la kanisani," mama akasema. "Na sukari kilo mbili, ya mdogo wake. Alimtuma jirani akamnunulia."

Akatua ungo magotini.

"Ile sukari tuliinywea chai sisi."